Mkonga wa marehemu umelala tangu 2019: nitoe shilingi ngapi?

SWALI

Shikamoo fundi.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu saumu, naishi upande wa Bashay, wilaya ya Mbulu. Mzigo wangu naushusha Karatu kwa Fuso la kukodi, na masika yakikolea nakwama kabisa kwa sababu Fuso haliwezi kufika shambani. Wanaofika ni bodaboda, na wao gunia mbili tatu wamemaliza, bei wanapanga wenyewe. Nimechoka. Nataka gari langu la fowili.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa msimamizi wa gereji ya misheni kwa miaka mingi, alifariki mwaka juzi. Ameacha Land Cruiser mkonga, ile hardtop ndefu yenye viti vya kutazamana nyuma. Kibamba cha ndani ya boneti kimeandikwa HZJ75, na kijana wake anasema ni la mwaka 1994. Limelala chini ya mgrivea tangu 2019. Tairi zote zimekaa chini, taa moja imevunjika, kuku wanatagia kiti cha dereva. Bodi kwa macho bado inavutia.

Kijana wake yuko Dar, anataka milioni 19. Anasema gari lilizimika likiwa linatembea, mzee akalivuta hadi nyumbani, na kwamba "ni pampu tu". Fundi wa hapa kijijini alifungua boneti, akatazama, akaniambia nitafute laki nane litawaka. Fundi wa Karatu nilimpigia simu, akacheka, akasema gari lililolala muda wote huo ni skrepa, nisizidishe milioni tano. Dalali mmoja wa Arusha ananiambia zinazotembea za aina hiyo ni milioni 30 mpaka 34, kwa hiyo 19 ni bei ya kuokota, na nikichelewa atamleta mteja wake. Kila ninayemuuliza ana bei yake.

Mkononi nina milioni 14. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema bora tuongeze shamba. Halafu kuna hili: mjane wa mzee ni mama wa ubatizo wa mke wangu. Sitaki mtu aje kusema nilimdhulumu mjane, na sitaki pia kubaki na banda la kuku la milioni 14.

Bei ya haki hapa ni ipi? Kadi ya gari ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ina jina la misheni, maana mzee alipewa gari alipostaafu kama shukrani.

Wako,
Muuza saumu, Bashay

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na njia.

Naanza na ile sentensi uliyoipachika mwisho kana kwamba ni jambo dogo. Kadi ina jina la misheni. Mimi hapo ndipo niliposimama kusoma. Maana yake mpaka leo, kwenye vitabu vya TRA, gari lile si la marehemu, si la mjane, wala si la kijana wa Dar. Ni la misheni. Mzee alipewa kwa mkono na kwa moyo mweupe, lakini umiliki haukuhamishwa, na sasa kijana anakuuzia kitu ambacho kwenye karatasi hakijawahi kuwa cha baba yake.

Na ndani ya hilo kuna lingine. Magari mengi ya misheni, hospitali za madhehebu na miradi ya wafadhili yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ni wa taasisi, hauhami na gari. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kitu kilichoingizwa kwa msamaha kikienda kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi inadaiwa. Sisemi kwamba hili nalo ni hivyo, maana yapo yaliyonunuliwa hapa hapa yakiwa yameshalipiwa kila kitu. Ila hutajua kwa kulizunguka gari na kulipiga teke tairi. Utajua kwa kuchukua nakala ya kadi na kwenda ofisi ya TRA kuuliza: gari hili lina msamaha, na likihama kwenda kwa mtu binafsi linadaiwa nini? Ukiwa pale uliza pia kama halijawekwa rehani na kama halina faini za barabarani. Kazi hiyo itakugharimu nauli na asubuhi moja, na inaweza kukuokoa na hasara ya milioni kadhaa.

Utahitaji barua ya misheni inayokiri kwamba gari lilitolewa kwa marehemu. Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza, misheni wahamishe kwenda kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye akuuzie. Ya pili, kama wanakubali, misheni kwa kuwa ndio wenye kadi wasaini mauziano nawe moja kwa moja, na familia isaini kwamba imeridhia na fedha ni zake. Ya pili ni fupi. Yoyote mtakayoifuata, aandike mwanasheria, na mjane awepo mezani. Kijana kusema "mimi ndiye mkubwa" haimfanyi kuwa msimamizi wa mirathi.

Mpaka hayo yanyooke, usitoe hata ile hela wanayoiita ya kushikia gari. Gari lisilohamishika halina bei ya gari, lina bei ya spea basi. Na ukilinunua kwa bei ya gari, spea ndizo utakazobaki nazo.

Tuje kwenye pesa.

Hao watu watatu waliokupa bei, yaani laki nane za matengenezo, milioni tano ya kununulia, na dalali anayeitetea 19 ya kijana, wana jambo moja linalowaunganisha: hakuna aliyefungua nati hata moja. Wa kijijini alitazama boneti. Wa Karatu alitazama simu. Dalali anatazama laki zake, na juu ya bei ya kijana usishangae ukikuta ameshaweka cha juu. Waache wote kwanza.

Gari bovu hupimwa kutoka juu kushuka chini. Unaanza na bei ya gari kama lile likiwa zima, unatoa kila shilingi ya kulifikisha hapo, unatoa tena fungu la yale usiyoyaona, kinachobaki ndiyo bei yako. Wauzaji wengi huanzia katikati: "likitembea ni 32, basi kwa kuwa halitembei nipe 19." Hiyo hesabu haina mama wala baba.

Bei ya juu ni bei ya kuuzwa, siyo ya kutangazwa. Dalali anaposema 30 hadi 34 anasema wanachoomba. Muombe akutajie mtu aliyenunua, alinunua nini na kwa ngapi, uone atakavyobadilisha mazungumzo. Kwa kawaida mkonga unaotajwa 30 huondoka chini ya hapo, na ule unaotajwa 34 una tairi mpya, rangi mpya na injini iliyokwisha kufunguliwa. La kwako hata likipona litakuwa na rangi ya zamani na viti vilivyokaliwa na kuku. Mimi ningeweka 26 kama bei ya juu, na hapo nimekuwa mkarimu.

Najua utauliza kwa nini gari la 1994 liwe na bei ya namna hiyo hata likiwa zee. Mkonga wa HZJ75 una injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Toyota waliianza mwaka 1990 na fundi yeyote wa Karatu au Arusha ameshaifungua. Spea zake ziko madukani, mpya na za mtumba. Kisha kuingiza gari zee kutoka nje ni ghali: Kenya hawaruhusu kabisa lililozidi miaka minane, na sisi huku tunalitoza ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Kwa hiyo yaliyokwisha kuingia yanashika bei. Kijana wa Dar hajakosea kuona kwamba baba yake ameacha kitu. Amekosea kiasi.

Hakikisha tu kwamba injini iliyomo ndiyo ile ya kibamba. HZJ ni 1HZ. Kibamba kingesomeka PZJ ingekuwa ya silinda tano, FZJ ingekuwa ya petroli, na BJ ni zile za zamani za silinda nne. Miaka inapita, watu wanabadilisha injini na kibamba kinabaki kilekile. Hesabu nozeli za kupulizia dizeli: ziwe sita. Namba ya injini na namba ya chasisi zisomwe kwenye chuma chenyewe, zilinganishwe na kadi herufi kwa herufi. Ya chasisi imegongwa kwenye reli ya mbele upande wa kulia, karibu na tairi. Sugua kwa brashi ya waya na usipake kitu. Ukikuta pamechomelewa au pamekwanguliwa, funga safari urudi kwenye saumu zako.

Sasa ile "lilizimika likiwa linatembea". Kijana anadhani amekupa habari njema. Kwa 1HZ, maneno hayo yanabeba ugonjwa wa bei ndogo kabisa na ugonjwa wa kuzika injini, yote kwa pamoja. Juu ya pampu ya dizeli kuna koili ndogo ya kuzimia. Waya wake ukikatika, gari linazima papo hapo, na dawa yake ni waya. Dizeli ikiwa na maji au filta ikiziba, linazima. Belti ya taimingi ikikatika, linazima vilevile, na hapo valvu zinakutana na pistoni. Na injini ikikosa oili au maji ikanoki, nayo inazima likiwa linatembea. Dereva barabarani haoni tofauti. Yeye ameona gari limekufa.

Muulize mama mjane, siyo kijana. Kijana alikuwa Dar. Mama alikuwepo gari linavutwa kuingia uani. Je, mzee alilalamika kwamba linachemsha? Alikuwa anaongeza maji kila safari? Kulikuwa na kelele kabla ya kuzima? Na hili lisikupite: kwa nini msimamizi wa gereji, mtu mwenye spana zake na vijana aliowafundisha kazi, aliacha gari lake lilale mpaka anafariki? Inawezekana alikuwa mgonjwa au hela haikuwepo. Inawezekana pia alilifungua, akaona kilichomo, akafunika boneti. Tazama bolti za kifuniko cha hedi, yaani kichwa cha injini. Zikiwa na alama mpya za spana ilhali kila kitu kingine kina vumbi la miaka, basi mzee aliingia humo.

Chukua fundi wa injini za dizeli kutoka Karatu au Arusha, umlipe siku yake na nauli yake, na umwambie mbele ya watu kwamba kazi ya kutengeneza hutampa yeye. Akijua kazi ni yake atakushauri ununue. Mfanye hivi, na kwa mpangilio huu.

Kijiti cha oili kwanza. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Utando mwembamba chini ya kifuniko cha oili usikutishe, gari lililolala kwenye baridi ya Mbulu hutoa jasho. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, kuna kitu kimeingia humo, maji au dizeli. Kwenye rejeta angalia mafuta yanayoelea.

Kabla ya kuzungusha chochote, fungua kifuniko cha juu cha taimingi. Ni bolti chache. Belti ipo au imekatika? Ikiwa imekatika, msizungushe injini, mtazidi kukunja valvu. Ikiwepo, fungueni hita plagi zote sita, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, iacheni ilale hivyo usiku mmoja. Kesho yake weka soketi kwenye bolti ya mbele ya krenki, gia nyutro, zungusha kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Sikiliza mkono wako, siyo mdomo wa mtu. Ikienda laini mwanzo mpaka mwisho, pumua. Ikigoma kabisa, imejamu, na bei inaporomoka pale pale. Ikizunguka halafu ikagonga kitu kigumu mahali palepale kila mara, kuna valvu au pistoni inazuia. Asije kijana mwenye nguvu akaongezea bomba kwenye spana.

Ikizunguka, wekeni betri zenu mlizokuja nazo zimechajiwa. Zilizotoka Japani moja kwa moja nyingi zina umeme wa volti 24, na ya kwenu inaweza kuwa ya 12, kwa hiyo angalieni lebo ya stata kwanza msije mkaunguza. Pimeni komprexa, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda kwa geji. Unachokitafuta ni silinda sita zinazolingana. Moja ikishuka peke yake ni valvu au ringi, mbili jirani zikishuka pamoja ni gasketi au hedi. Kisha rudisheni hita plagi, achaneni na tenki la gari ambalo ndani lina matope ya miaka, mlisheni pampu kwa mpira kutoka kwenye kidumu cha dizeli safi, na wa kurudishia mafuta uingie humohumo. Toeni hewa. Mjaribu.

Hapa kuna mtego ambao umeshawaponza wanunuzi wengi. Umegharimia fundi, betri na dizeli, gari likaguruma, kuku wakatawanyika, na kijana kwenye simu anasikia mlio. Bei inakuwa 25 hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana muandikishiane bei mbili: likiwaka ni hii, lisipowaka ni ile. Pande zote zisaini. Asiyekubali bei mbili anajua jambo ambalo hujaambiwa, au anataka umtengenezee gari lake bure.

Injini ukimaliza, lala chini ya gari. Watu wanaogopa injini kuliko chasisi, mimi ni kinyume. Injini ya mtumba inauzwa, inapandishwa kwa winchi, maisha yanaendelea. Chasisi iliyooza ndiyo mwisho wa habari, kwa sababu ndiyo yenye namba na kadi. Gonga kwa nyundo ndogo reli zote mbili toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya debe lenye mchanga, na kipande kinaweza kudondoka. Tazama hasa panaposhikia springi za nyuma, na mbele pale boksi la usukani linapofungwa, maana barabara za makorongo hupasua hapo. Uliza gari lilikuwa likifanya kazi wapi. Lililozunguka huko ziwa Eyasi au Natron kwenye vumbi la magadi, ule udongo ukikaa ndani ya reli unashika unyevu na kula chuma taratibu. Kama chasisi imewahi kukatwa na kurefushwa kama wafanyavyo gereji za magari ya watalii Arusha, utaiona mishono yake katikati.

Giaboksi na difu, yaani gia za kwenye ekseli, huwezi kuzijaribu barabarani, lakini legeza nati za kumwagia oili upokee kidogo kwenye kitambaa. Vumbi laini la chuma ni uzee. Vipande vinavyong'aa ni meno yaliyovunjika. Inua tairi moja ya nyuma kwa jeki, izungushe, badilisha gia na mkono wa fowili, uone kama kila kitu kinashika na kuachia.

Sasa nikupigie hesabu. Bei za spea na mafundi ninazotaja ni za mfano. Wewe piga simu Arusha uweke za kwako, hesabu yenyewe haibadiliki.

Tumesema bei ya juu ni 26. Kulipakia kwenye lori hadi Arusha, laki tisa. Tairi tano, milioni mbili na laki mbili. Betri, laki saba. Breki zote, kusafisha tenki, mipira ya maji na mafuta, belti ya taimingi na kikaza chake, oili za kila mahali, milioni mbili. Hizo ni lazima hata injini ikiwa nzima kama dhahabu. Jumla 5.8, tumebaki na 20.2. Karatasi, ikiwemo ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada na mwanasheria, weka laki nne: 19.8. Kodi ya msamaha kama ipo sijaiweka, na ikiwepo yote inatoka upande wa muuzaji. Fungu la yasiyoonekana, yaani difu, wayaringi, giaboksi, milioni mbili na nusu. Watu hulisahau fungu hili, na ndilo huwafanya wauze gari nusu njia. Tumebaki na 17.3.

Kutoka hapo injini ndiyo inaamua. Kama kweli ni pampu na nozeli, toa 2, bei ni milioni 15.3. Ikiwa ni hedi, toa 4, ni 13.3. Ikiwa ni injini nzima ya mtumba na kuifunga, toa 10, ni 7.3. Unaona basi kwamba 19 haisimami hata kwa hadithi tamu kuliko zote. Na chini yake kuna bei ambayo haiwezi kushuka zaidi: ekseli, giaboksi, milango, boneti na viti vya mkonga vinanunulika, na wavunja magari wa Arusha wanaweza kumpa mama 6 au 7 leo hii bila hata kuuliza kama injini inazunguka. Kwa hiyo milioni tano ya fundi wa Karatu, kwa mjane, ni dhuluma. Ulitaka kujua haki iko wapi: bila kufungua chochote, 7 mpaka 8. Ikizunguka vizuri na komprexa inalingana, 12 mpaka 13. Ikiwaka kwenye kidumu na kukaa ikinguruma bila kuchemsha, 15.

Lakini mdogo wangu, bei ya haki ni jambo moja na mfuko wako ni jambo jingine. Una 14 tu. Ukilipa 13, gari ni la haki kabisa na limekaa uani kwako bila tairi. Kwenye hizo 14 toa gharama za lazima 5.8, karatasi laki nne, fungu la yasiyoonekana 2.5, na pampu angalau 2. Zimebaki milioni 3.3. Kwa hela hiyo huwezi kununua gari hilo la mama kwa haki, siyo kwa malipo ya mkupuo. Mke wako ameliona hili kabla yako, na sidhani kama alikuwa anakataa gari.

Ninachokiona kinawezekana ni kumpeleka mama na kijana hii hesabu, kwenye karatasi, mstari kwa mstari, pamoja na bei ya wavunja magari, ili wajue hujawaficha. Kisha muombe mlipane kwa awamu: tuseme tatu siku ya kusaini, zilizobaki kwa misimu miwili ya saumu, kadi ikikaa kwa mwanasheria mpaka shilingi ya mwisho. Mama ambaye gari limemlalia uani tangu 2019 anaweza kuona awamu ni bora kuliko ahadi za dalali. Akikataa, ana haki yake, na wewe huna ugomvi naye kanisani. Mteja wa dalali kama yupo, aje anunue.

Mkikubaliana, msilivute kwa kamba hadi Arusha. Lipande lori. Ikibidi livutwe hata kidogo mpaka barabara kuu, fungueni propela zote mbili, zile fimbo zinazozungusha ekseli, kwanza, maana giaboksi iliyokauka oili ikizungushwa na matairi itakufa kabla hujaitumia.

Jumatatu nenda TRA na nakala ya kadi. Wakishakujibu, niandikie walichosema pamoja na namba zilizo kwenye kibamba, tuone kama kuna haja ya kumtafuta fundi.